Mji wa Viti

Dodoma ni mji wa viti. Sisemi viti vya mgahawani, nasema viti vya heshima. Hapa ndipo Bunge linapoketi. Hapa mtu hugombea kiti, hupata kiti, hupoteza kiti, na akitaka kuchangia hoja huomba ruhusa kwa Spika, ambaye naye huitwa Kiti. Tangu mwaka 1973, ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie huku kwenye uwanda wa kati, watu wa hapa tulikuwa tukivisubiri viti hivyo. Kuanzia 2016 vikaanza kuja kweli kweli, kwanza mjini, kisha Mtumba kwenye Mji wa Serikali.

Lakini ndugu msomaji, kila kiti kina mtu aliyesimama karibu yake. Kuna mlinzi mlangoni, mhudumu mwenye sinia, mama lishe mbele ya jiko, mwalimu mbele ya ubao. Na kuna kinyozi, ambaye kazi yake yote ni kumzunguka mtu aliyekaa.

Mimi ni kinyozi. Nina miaka 28, na saba kati ya hiyo nimeimalizia kwa miguu, saa 12 kwa siku, Jumapili nusu siku, kwenye saluni moja isiyo mbali na soko la Majengo. Usiku naandika. Washkaji wa kijiweni wananiita mshairi, ingawa mizani zenyewe bado zinanisumbua. Leo sina shairi. Leo nataka kuandika habari za miguu.

Wazee wa Kigogo husimulia kwamba jina la mji huu limetokana na tembo aliyekwenda kunywa maji, akazama kwenye matope asitoke tena. Idodomya, yaani palipozama. Ukifikiri vizuri, mji wetu umepewa jina na mnyama aliyeshindwa na miguu yake mwenyewe. Si ajabu basi kwamba hatupendi kuizungumzia miguu.

Mama yangu alifundisha shule za msingi miaka 31, mingi kati ya hiyo katika vijiji ambavyo leo viko wilaya ya Chamwino. Darasa la watoto themanini na zaidi, madawati hayatoshi, chaki mkononi, mama amesimama. Kiti cha mwalimu kilikuwepo, lakini alikiwekea madaftari. Walimu wa enzi zake walikuwa na msemo wao: mwalimu aliyekaa ni mwalimu asiyefundisha. Mkaguzi akipita dirishani akukute umekaa, utamweleza nini?

Sisi watoto wake sita hatukuwahi kuiona miguu ya mama. Nyumbani alivaa gauni refu na kanga juu yake. Kuoga alioga alfajiri kabla hatujaamka. Mimi kitinda mimba nilidhani ni heshima tu ya watu wazima. Dada yangu mkubwa ndiye aliyejua, na alikatazwa kusema. Chini ya kanga kulikuwa na mishipa iliyojikunja na kuvimba, kama mizizi ya mbuyu iliyofukuliwa na maji ya mvua. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuwa mweusi zaidi sehemu ya ndani, juu kidogo ya kifundo, na ngozi ya pale ilikuwa ngumu kama ya ngoma.

Mwaka 2019 alijigonga pale penye weusi kwenye ubao wa kitanda. Kidonda kidogo tu, cha ukucha. Kikakataa kupona.

Basi hapo ndipo kila mtu akawa daktari. Wa kwanza akasema ni kisukari. Wa pili akasema ni donda ndugu. Wa tatu, kwa sauti ya chini, akasema mama amekanyaga kitu, ametegewa na mwalimu mwenzake aliyeutaka ualimu mkuu. Mguu ulipovimba jioni wakasema hayo sasa ni matende, wakati matende ni ugonjwa mwingine kabisa, wa minyoo inayoenezwa na mbu. Mama alimwagia kidonda unga wa kapsuli za dukani, zile za rangi mbili. Akabandika majani. Akaombewa. Akapelekwa kwa mtu Kondoa aliyemchanja chale na kudai mbuzi. Miaka mitatu ikapita, kidonda kikawa na upana wa kiganja cha mtoto, na mama akaacha kwenda jumuiya kwa sababu ya harufu.

Naomba nieleze jambo moja hapa, maana wengi wetu hatujui nini hasa hutokea ndani ya mguu. Moyo unasukuma damu iende chini, hilo tunafundishwa shuleni. Swali ni namna gani inapanda kurudi. Fikiria maji ya Dodoma. Yanatoka kwenye visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na bila pampu hayafiki mjini. Mguu nao una pampu yake, na pampu hiyo ni kigimbi. Kila ukipiga hatua, msuli wa kigimbi unajibana na kuikamua damu ipande ndani ya vena. Ndani ya vena kuna vilango vidogo, yaani vali, vinavyofunguka kuelekea juu tu. Damu ikishapita, vinajifunga isirudi chini.

Sasa simama wima bila kutembea. Pampu imezimika. Damu yote kuanzia moyoni hadi kifundoni inakuwa kama maji yaliyosimama kwenye bomba refu, na uzito wake unakaa chini. Mtu akisimama tuli, mgandamizo ndani ya vena za kifundo hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akitembea, na vilango vikiwa vizima, hushuka chini ya 30. Kwa mtu mwenye asili ya ugonjwa huu katika ukoo, au aliyebeba mimba nyingi, au mwenye umri mkubwa, vilango huchoka kwanza. Vikishindwa kufunga, damu hurudi chini, mshipa hupanuka na kujikunja. Hizo ndizo vena varikosi. Kusimama kutwa huongeza mzigo juu ya vilango vilivyokwisha kulegea. Damu ikituama miaka na miaka, ngozi ya kifundoni hukosa afya, huwa nyeusi, huwa ngumu, na siku ikichubuka haiponi. Hakuna tego hapo. Kuna bomba na vilango.

Haya yote sikuyajua mpaka Juni 2022. Bunge la Bajeti lilikuwa linaendelea, mji umejaa, saluni imejaa, na mimi nilikuwa na mteja nusu kichwa. Dada akapiga simu. Hakuweza kusema sentensi. Nikasikia tu, "Damu, damu, njoo." Nikamkabidhi mteja kwa mwenzangu, nikarukia bodaboda mpaka Nkuhungu.

Mama alikuwa anaoga maji ya moto. Mshipa mmoja juu ya kifundo ulipasuka wenyewe, bila maumivu yoyote, na damu ikatoka kwa kasi kama ndoo iliyotobolewa. Aliona maji ya bafuni yamekuwa mekundu ndipo akajua. Dada alimkalisha kwenye kiti, akataka kumfunga kanga kwa nguvu juu ya goti. Bahati yetu ni jirani, nesi mstaafu, aliyeingia bila hodi na kuipokonya ile kanga. "Ukimfunga juu unaizuia damu kupanda, yote itamwagikia hapa chini. Mlaze!" Nilipofika, mama alikuwa amelala chali sakafuni, mguu umeinuliwa juu ya kigoda, na nesi amekandamiza kitambaa safi palipopasuka kwa kiganja chake. Damu ilikuwa imeshakata. Kitu chepesi namna hiyo, kulala, kuinua, kukandamiza, kimeniachia mama yangu. Nakiandika hapa kwa makusudi, mjue na nyinyi.

Ile ilikuwa mara ya kwanza kuiona miguu ya mama. Alikuwa anatafuta kanga ajifunike. Damu imemwagika hivyo, yeye anatafuta kanga.

Hospitali tulipokelewa na daktari kijana, karibu rika langu. "Shikamoo mama," akasema, kisha akamwomba asimame juu ya kistuli kidogo ili aione mishipa ikijaa. Akapapasa mapigo ya damu juu ya unyayo. Akampima sukari, haikuwepo. Akampitisha kwenye altrasaundi, tukaona kwa macho yetu damu ikipanda na kurudi chini.

"Mama ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Mwalimu."

"Na watoto?"

"Sita. Huyu wa mwisho."

Daktari akanitazama. "Na wewe kijana, kunja suruali."

Nikakunja. Nyuma ya goti langu la kulia palikuwa na mshipa wa kijani umejitokeza, unashuka kuelekea kigimbini. Nilikuwa nikiuona kila siku na kuuita mshipa wa mazoezi. Mama aliutazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuutazama wa kwake.

Dawa ya kidonda ilitushangaza kwa upole wake. Unga wa kapsuli ulipigwa marufuku. Kidonda kilisafishwa, kikafunikwa, kisha mguu ukafungwa bandeji za matabaka kuanzia kwenye vidole hadi chini ya goti, zikibana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Kazi ya bandeji ni kuisaidia pampu. Daktari alitueleza kwa nini alianza na mapigo ya unyayo: kama damu ya kushuka haifiki vizuri mguuni, kubana ni kuuua mguu, kwa hiyo mtu asijifunge mwenyewe nyumbani bila kupimwa. Akatuonya na jingine. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, hiyo yaweza kuwa damu iliyoganda ndani, na huwahiwa siku hiyo hiyo, kwa sababu bonge hilo likikatika linaweza kupanda hadi kwenye mapafu. Kila wiki tulirudi kubadilisha. Katika mwezi wa tano, kidonda cha miaka mitatu kikafunga.

Wakati tunangoja kifunge nilianza kusoma. Mteja wangu mmoja, mwanafunzi wa UDOM, alinipa karatasi za habari ya Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi. Jina lake limebaki kwenye saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958. Baadaye aliandika pia juu ya vena varikosi, katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1972. Alisema ugonjwa huu ni wa watu wa Ulaya na Marekani wanaokula vyakula visivyo na nyuzinyuzi, wakajikamua chooni, na kwamba vijijini Afrika ni nadra. Sehemu kubwa ya habari zake aliipata kwa kuziandikia hospitali za misheni na kuwauliza madaktari wanaona wagonjwa wangapi.

Sina ugomvi na marehemu. Ugali wa uwele na mlenda tunaokula huku una nyuzinyuzi za kutosha, na inawezekana kabisa kwamba wakulima wanaotembea kutwa wanaumwa kidogo kuliko sisi tunaosimama mahali pamoja. Watafiti waliofuata hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba nyuzinyuzi ndizo kiini cha jambo. Mimi nilibaki na swali la kinyozi tu. Ukiuliza hospitali, utahesabu waliofika hospitali. Mama yangu alikula uwele maisha yake yote, akaumwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakufika hospitali yoyote kuonyesha mguu wake. Angehesabiwa wapi? Na kwenye ngozi nyeusi hata dalili zinajificha: wekundu unaosemwa vitabuni, kwetu ni weusi juu ya weusi.

Nilisoma pia kwamba Ulaya ya zamani vinyozi ndio waliokuwa wapasuaji. Ambroise Paré, aliyeanzia kwenye unyozi, alitekwa vitani mwaka 1553, akamtibu bwana mmoja wa upande wa maadui kidonda cha siku nyingi cha mguuni, kwa kumsafisha na kumfunga bandeji, na kwa kazi hiyo akaachiwa huru. Siku niliyolisoma hilo nilijiona mrefu kidogo saluni.

Kidonda kilipofunga, daktari akatuwekea jambo mezani. Kufunga siyo mwisho, kwa maana vilango vibovu bado vimo. Siku hizi nchi nyingi huanza kwa kuuchoma mshipa mbovu kwa ndani kwa leza au joto la umeme, au kwa sindano ya povu linaloufunga, na damu hujitafutia mishipa mingine mizima. Mama alipewa nafasi ya upasuaji wa kawaida: kuufunga mshipa mkubwa kwenye kinena na kuutoa, kwa ganzi ya mgongo. Nikauliza, kuna haja gani kama kidonda kimepona? Akanieleza utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004, wa wagonjwa 500. Kwa waliofungwa bandeji peke yake, kidonda kilirudi ndani ya mwaka kwa 28 katika kila 100. Kwa waliofungwa na kupasuliwa pia, kilirudi kwa 12.

Nyumbani tuligawanyika. Kaka zangu waliogopa kisu kwa mtu wa umri wake. Dada alikuwa upande wa daktari. Mama alikaa kimya siku nne. Siku ya tano, jioni, nilimsimulia habari ya Marius, jemadari wa Roma, ambayo Plutarch ameiandika: alikatwa mishipa ya mguu mmoja bila kufungwa wala kupiga kelele, kisha akakataa wa pili, akisema tiba haistahili maumivu yale.

Mama akacheka, kitu ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. "Huyo alikuwa mwanaume," akasema. "Mimi nimezaa sita. Mwambie daktari aandike tarehe."

Alipasuliwa mwaka 2023. Siku iliyofuata wakamwamuru atembee. Sasa anavaa soksi ndefu za kubana, anazivaa asubuhi kabla hajashuka kitandani, na jozi moja bei yake ilikuwa karibu sawa na ninachopata saluni kwa wiki nzima. Tulichanga watoto wote.

Nikabaki mimi na goti langu. Daktari alisema wangu ungali mwanzo: soksi, kutembea kila nafasi ikipatikana, kunyanyua visigino wakati nimesimama, kuinua miguu nikilala, na kupunguza kusimama. Hilo la mwisho ndilo gumu. Nilimwomba bosi atuwekee kistuli kirefu, tuwe tunanyoa pembeni na nyuma tukiwa tumekaa. Alinitazama kama nimeomba hisa. "Wateja wataona tumechoka," akasema. "Kinyozi aliyekaa anaonekana amelewa."

Ni msemo ule ule wa walimu wa mama. Sisi mtu aliyesimama ndiye mchapakazi, na mtu anayekaa lazima awe na cheo. Siyo ugonjwa wa Dodoma peke yake. Kule Kozhikode, jimbo la Kerala, India, wanawake wanaouza maduka ya nguo walikuwa wakikatazwa kukaa kutwa nzima hata kama hakuna mteja, na waliondoka kazini na miguu iliyovimba na mishipa kama ya mama. Fundi cherehani mmoja aitwaye Viji akawaunganisha katika chama chao, Penkoottu, wakadai haki ya kukaa. Wakachekwa. Mwaka 2018 sheria ya maduka ya jimbo lile ikabadilishwa, mwenye duka akalazimika kuweka viti. Mwaka 2021 jimbo jirani la Tamil Nadu likafuata. Haki ya kukaa! Hebu yatamke maneno hayo hapa kwetu, mahali ambapo kiti kinagombewa kwa kura.

Sikungoja sheria. Nilikwenda kwa seremala nikamchorea kigoda cha miguu mitatu, kama vile vya wazee wa Kigogo ila kirefu, kinafika kiunoni. Bosi alikubali kwa mwezi mmoja wa majaribio. Wenzangu watatu wakaniita mstaafu. Wiki ya pili, ikifika saa tatu usiku, nilianza kukikuta kwenye kona zao. Sasa tuna zamu, na mwezi wa majaribio unaisha Jumamosi ijayo. Bosi bado hajasema neno.

Wenzangu wa kalamu, tunaandika sana juu ya mapenzi yaliyovunjika na taa za mjini. Vizuri. Lakini mjini hapa kuna watu wamesimama tangu alfajiri, na hadithi zao ziko chini ya kanga na chini ya suruali, mahali ambapo hata wao hawapendi kutazama. Muulize mlinzi wa benki. Muulize shangazi yako muuguzi.

Mimi nilimuuliza mama kama naweza kuandika habari za miguu yake. Nilijua akikataa nitachana karatasi. Aliichukua rasimu, akavaa miwani, akaisoma yote kwa kalamu nyekundu mkononi, miguu ameinyoosha juu ya mto. Akanisahihishia h mbili na r moja. Halafu akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, pale niliposema kwamba alisimama miaka 31, akapigia mstari neno "alisimama".

"Andika, baba," akasema. "Lakini usiandike nilisimama tu. Andika kwamba nilikuwa nafundisha."